Mbwa wa Kuwekewa

Harufu ya mbwa aliyenyeshewa haiombi ruhusa. Unafungua mlango kidogo tu uone kama mvua imepungua, na kabla hujaufunga, imeshaingia sebuleni, imeingia kwenye pazia, imeingia mpaka kwenye mkate uliouacha mezani. Hapa Kericho mvua ya mchana haichezi, na jana ilimkuta mbwa wa watu akiwa nje kwenye uwanja wangu.

Nasema mbwa wa watu kwa sababu mimi sina mbwa. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Mshahara wa chekechea mnaujua, na kama hamuujui, mshukuruni Mungu. Kwa hivyo nina kazi ya pembeni: natunza mbwa na paka wa watu wanaposafiri. Daktari akienda likizo Mombasa ananiletea mbwa wake, blanketi la mbwa, mfuko wa chakula, na ujumbe mrefu kwenye simu kwamba mbwa hapendi radi. Nani anapenda radi? Lakini najibu, "Sawa, daktari," maana kazi ni kazi.

Huyu wa jana ni jike, mweusi mgongoni, kahawia miguuni. Alipojikung'uta katikati ya sebule yangu, ile harufu ikanipiga na hasira ikanipanda mpaka kooni. Si hasira ya mbwa. Mbwa hana makosa. Kuna mtu, na jina lake sitalitaja kwa sababu yuko hai na ana watoto, lakini leo wacha niseme, maana jambo hili nimelimeza tangu nikiwa darasa la tano na halijawahi kushuka.

Kwetu ni nje kidogo ya Litein, ukishuka ile barabara ya udongo mwekundu inayoharibika kila masika. Babu yangu alikuja huku kutoka Mkoa wa Kati akiwa kijana, akauza chumvi na mafuta ya taa mpaka akanunua kipande cha shamba, na kwenye kipande hicho akapanda majani chai kama kila mtu. Baba alikuwa fundi wa kushona viti vya magari Nakuru, tunamwona mwisho wa mwezi. Mama alichuma majani, na siku za soko alibeba bunda lake la mitumba hadi Litein akauza nguo za watoto. Nyumbani tuliongea Kikuyu, sokoni Kiswahili, na kwa jirani Kipsigis. Hakuna aliyetufundisha. Ukikulia pale, lugha zinakuingia tu kama baridi.

Jirani mwenyewe alikuwa mwanamke mzee tuliyemwita Kogo, yaani nyanya, ingawa hakuwa damu yetu. Msifikirie nyanya wa kukaa kivulini akitoa hekima. Kogo alichuma majani kuliko vijana, alitukana makarani wa kituo cha kununulia majani mbele ya watu, na alikuwa na ng'ombe wengi kuliko nyasi. Ndiyo sababu mmoja wa ng'ombe wake alikaa kwetu. Nilizaliwa nikamkuta pale, na kwa miaka mingi nilidhani ni wetu.

Hiyo ndiyo desturi ya Wakipsigis wanayoiita kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe anamwekea rafiki yake mmoja amtunzie. Hakuna malipo. Wewe unamlisha, unamwogesha dawa ya kupe, unakunywa maziwa yake, na akizaa, ndama ni wa mwenyewe. Lakini ukitunza vizuri, siku moja mwenyewe anakuja, anawatazama ndama, anakuonyesha mmoja na kusema, "Huyo ni wako." Huchagui. Huombi. Unaonyeshwa. Na tangu siku hiyo nyinyi wawili si majirani tena, ni watu wa kuitana usiku na mchana.

Kogo alituonyesha ndama wetu nikiwa mdogo sana. Mama alikuwa akisema kwamba mpaka siku ile alikuwa na sanduku ambalo halikuwahi kufunguliwa lote, maana mtu wa kuja hajui atahama lini. Siku ile alilifungua, akatundika nguo ukutani. Na mwaka mmoja wa kura, watu walipoanza kuulizana nani alizaliwa wapi na babu yake alitoka wapi, Kogo alisimama katikati ya soko la Litein, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, "Hawa wako na ng'ombe yangu." Basi. Hakuna aliyetuuliza kitu tena.

Nimewaeleza haya yote ya ng'ombe kwa sababu bila hayo mtanicheka. Mtasema, ya nini mtoto kulilia mbwa.

Mtu huyo nitamwita Meneja. Alikuwa mkubwa katika shamba mojawapo la majani, yale mashamba makubwa ambayo nyasi zake zinakatwa hata pale ambapo hakuna mtu anapita. Mkewe alikuwa mteja wa Mama. Hakutaka kuonekana akiinama kwenye mitumba, kwa hivyo Mama alimwekea nguo nzuri kando na kumpelekea nyumbani. Hapo ndipo walipofahamiana, na hapo ndipo Mama alipoulizwa kama anaweza kukaa na mbwa. Meneja alikuwa ametumwa kozi ng'ambo, familia yote ilikuwa inaenda naye, na yule askari wa getini waliyemwachia mbwa safari ya kwanza alikuwa amekula nyama aliyoachiwa mbwa na kumpa mbwa maganda.

Mama alikubali kabla swali halijaisha. Bonasi ya majani ilikuwa mbaya mwaka huo na dada yangu mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Kulipwa kwa kulea mbwa? Mbwa analelewa? Mbwa si anajilea mwenyewe? Mama aliwajibu kwamba pesa haina harufu, na akaendelea kuosha sufuria ambayo angempikia mgeni wake.

Mgeni aliitwa Sheba. Aliletwa kwa pikapu, amekaa mbele kwenye kiti, na dereva amekaa wima kwa heshima. Alikuwa mbwa wa zile jamii za polisi, mkubwa, masikio juu, na alishuka akalitazama boma letu kama mkaguzi wa shule. Alikataa ugali siku ya kwanza. Siku ya pili akaunusa. Siku ya tatu akala, akalamba sufuria, akaja kulala miguuni pangu nikifanya hesabu. Kwetu mbwa hakuwahi kuingia ndani ya nyumba, na Mama alisema Sheba hataingia pia. Wiki haikuisha, akawa analala kwenye mlango wa jikoni, kichwa ndani, mwili nje, ili kila mtu awe ameshinda.

Kogo ndiye aliyegundua. Alikuja kuomba moto asubuhi moja, akamtazama Sheba kwa kando, akampapasa tumbo vile alivyokuwa akiwapapasa ng'ombe.

"Mama Nyambura," akasema, maana yeye alimwita Mama kwa jina langu mimi, si la dada, "hii mbwa iko na watoto."

Mama alishika kichwa. Hakuwa ameambiwa. Baadaye tulijua kwamba Meneja alikuwa amempeleka Sheba kwa dume la rafiki yake Kericho na alijua vizuri anachotuachia. Lakini Kogo hakuona shida. Alifurahi. "Basi si kulinda tena," akasema, akinitazama mimi. "Sasa ni kimanagan." Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimekunywa maziwa ya kimanagan maisha yangu yote, nilielewa mara moja. Mnyama wa mtu akizaa mikononi mwako, ukatunza vizuri, mmoja ni wako. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mtoto wa huko hakuhitaji.

Sheba alizaa siku mbaya kuliko zote. Tulikuwa tumechuma tangu asubuhi, Mama, dada yangu na mimi, na tulipofika kituoni tukaambiwa lori la kiwanda limekwama kwenye matope. Karani akaturudisha na majani yetu, tuyalete kesho. Majani mabichi yakikaa ndani ya gunia yanashika joto na kuungua, kwa hivyo tuliyatandaza jikoni juu ya turubai, tukayachambua vizuri, Mama akafunga mlango. Au alidhani amefunga. Asubuhi tulimkuta Sheba katikati ya majani, amejichimbia shimo safi la kijani, na watoto watano wakimnyonya.

Mama alikaa kwenye kigoda akasema tu, "Majani yangu." Kazi ya siku nzima, ya watu watatu. Kogo aliposikia alikuja mbio, akaona, akaegemea mlango akacheka mpaka machozi. "Mpeleke tu kwa karani," akasema. "Si wanataka majani mbili na chipukizi? Hapa kuna majani mbili na mbwa moja." Hata Mama alicheka mwishowe, ingawa alicheka akilia kidogo. Majani yale tulimwaga yote kwenye shimo la mboji.

Wanne walikuwa wanene. Wa tano alikuwa kijike kidogo, sikio moja limelala, na mguu wa nyuma umepinda kidogo kwa ndani. Wenzake walimsukuma kila mara, na kila mara nilimrudisha kwenye titi. Nilimchagua siku hiyo hiyo. Najua nimesema huchagui, unaonyeshwa. Lakini nilipiga hesabu yangu ya kitoto: mwenye mbwa hawezi kumpenda yule kilema, kwa hivyo atakapotaka kutoa mmoja, si atamtoa huyo? Nilimwambia Kogo hesabu hiyo akatikisa kichwa. "Huyo hakuna mtu atakataa kukupa," akasema. Akampa jina papo hapo, kama wanavyowapa watoto wao majina kufuatana na saa au mvua waliyozaliwa nayo. Akamwita Chemajani, yaani msichana wa majani.

Mtu asiyejua kulea atadhani ni mchezo. Nilimkanda Chemajani mguu kila jioni kwa mafuta ya kupikia niliyoyaiba kidogo kidogo. Mama alijua, akawa anaificha chupa mahali rahisi. Sheba alipokauka maziwa mapema, tuliwapa watoto maziwa ya ng'ombe, ndiyo, ya ng'ombe wa Kogo, na sisi tukanywa chai ya rangi. Nilimfundisha Chemajani kuja akiitwa. Alikuja akichechemea, sikio moja juu moja chini, na wale wanene wakimpita wote, lakini alifika. Nikienda shule alinisindikiza mpaka kwenye ua wa majani, akakaa. Nikirudi alikuwa pale. Dada yangu aliniambia nisizoee kitu cha watu. Nilimwambia yeye hajui kimanagan.

Meneja alirudi baada ya baridi ya Agosti. Mama alipata habari siku iliyotangulia, na nyumba nzima ikaoshwa. Niliwaosha watoto wa Sheba kwa sabuni ya kipande, nikawakausha kwa leso ya zamani. Kogo alikuja mapema, amevaa sweta yake ya kanisani, ameshika kibuyu cha mursik mikono miwili. Maziwa yale ya kukaa, yaliyotiwa mkaa, hayaletwi kwa mtu wa kawaida. Yanaletwa siku ambayo watu wanafanya jambo. Kogo alikuja kushuhudia tukionyeshwa.

Pikapu iliingia na vizimba viwili vya waya nyuma. Meneja alishuka, mrefu, viatu vinang'aa, akasimama kwenye jiwe ili asiguse matope. Sheba alimrukia, naye Meneja akamsukuma chini kwa goti. Aliwahesabu watoto kwa kidole, akafurahi. Alimshukuru Mama kwa Kiswahili safi, kile cha redio.

Kogo akamsalimia kwa Kipsigis. Yeye akajibu, "Hujambo, mama." Kogo hakuvunjika moyo. Alianza kusema polepole, kwa lugha ile nzuri ya mambo makubwa, kwamba mnyama uliyemweka hapa amezaa salama, hakuna aliyekufa, watoto wamekunywa maziwa ya nyumba hii, na sasa tunakungoja uwaonyeshe watoto wa nyumba hii aliye wao.

Meneja alinigeukia mimi. "Anasema nini?"

Watu walikuwa wakisema Meneja ni Mkipsigis aliyekulia Nairobi, hajui lugha ya kwao. Kwa hivyo sikushangaa. Mimi, mtoto wa Mkikuyu, nikiwa nimemshika Chemajani ndani ya sweta yangu ya shule, nilimtafsiria yule mwanamume Mkipsigis lugha ya kwao. Nilimweleza yote, hata kimanagan, hata maziwa, na nadhani nilieleza vizuri kwa sababu nilitaka sana. Nilimaliza nikafungua sweta kidogo ili amwone.

Alitabasamu. Akasema, "Hapana, hapana. Hayo ni mambo ya ng'ombe. Hii ilikuwa kazi, na kazi ina malipo." Akatoa bahasha mfukoni, akamnyooshea Mama.

Kogo akasema neno moja kwa Kipsigis. Alisema, "Usishike."

Mama aliitazama bahasha ile. Nakumbuka mkono wake ulikuwa bado na rangi ya majani kwenye vidole, ile ambayo haitoki kwa sabuni. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, na kila mtu pale alijua ametumwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya karo. Mama akaishika. Akasema asante. Kogo akakikumbatia kibuyu chake, hakuwa amemimina hata tone, akapita katikati yetu akaenda zake kwao.

"Lete huyo," Meneja akaniambia.

Sikumpa. Nilimkumbatia Chemajani mpaka akapiga kelele. Nilimwambia Meneja kwamba huyu ni mbovu, ana mguu mbaya, hatamfaa kwa kitu. Hata leo nikikumbuka nilivyomtukana mnyama wangu ili niachiwe, uso unaniwaka. Alicheka, akanyoosha mkono, akasubiri tu, vile mtu anavyosubiri chenji.

"Nyambura," Mama akasema, "peana."

Nilipeana. Aliwekwa kwenye kizimba na wale wanene, akakanyagwa, akasimama tena, akaingiza pua kwenye waya akinitafuta. Pikapu iliondoka. Nilikimbia nyuma yake mpaka karibu na lami, na nilipoanguka sikuinuka, nililala pale kwenye udongo nikapiga ardhi ngumi.

Nilimchukia Mama. Wacha niseme wazi. Nilikaa siku nyingi bila kumwita Mama, nilikuwa nasema tu "unaitwa" au "chakula tayari." Mwishowe akanishika bega jikoni akaniuliza, "Ulitaka nifanye nini? Nimpeleke dada yako shule na mbwa?" Nilizidi tu kumchukia. Kogo hakuja kwetu kwa muda mrefu. Alipokuja tena alikuja tu kuomba moto na kupiga umbea, kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini kuhusu Meneja alisema kitu kimoja ambacho nilikipuuza. Alisema, "Yule alisikia. Niliona masikio yake."

Sheba aliletwa tena mara mbili. Mama alimpokea mara mbili. Mimi nilimlisha na sikumpiga, maana hata yeye alikuwa amenyang'anywa.

Kwa miaka yote hiyo niliamini nimeelewa. Niliamini Meneja ni bahili, mbwa wa jamii ile wana bei, na tajiri hawezi kuachilia kitu cha bei. Ni hasira rahisi hiyo, mtu anaweza kuishi nayo. Baba alikuwa akisema mwenye nguvu mpishe, na nikampisha.

Kisha mwaka jana mwalimu mwenzangu akatualika sherehe ya shukrani nyumbani kwa baba mkwe wake, huko Ndanai. Mzee alikuwa amestaafu na anamshukuru Mungu. Tulikwenda walimu wote na zawadi yetu ya blanketi. Hema nne, ng'ombe wawili wamechinjwa, kwaya tatu. Nilikuwa nimeshika sahani yangu ya wali wakati mzee mwenyewe aliposimama kwa kipaza sauti, na nikamjua kabla hajafungua mdomo. Amepungua, nywele nyeupe, lakini bado alisimama kwenye zulia dogo ili asiguse nyasi zenye maji.

Akaongea kwa Kipsigis. Si Kipsigis cha kubabaisha. Kile cha ndani, cha watu waliochunga, chenye majina ya rangi za ng'ombe ambayo hata mimi siyajui yote. Akawaambia watu kwamba alizaliwa hapa Ndanai na kuchunga kwenye mlima ule pale, mpaka alipomaliza darasa la saba. Kwamba baba yake hakuwa na hata ng'ombe mmoja. Kwamba rafiki ya baba yake, mtu wa upande wa Kapsoit, aliwaletea ng'ombe wa kimanagan, wakamtunza, wakanywa maziwa, na siku moja yule mtu akaja akaonyesha kidole, akasema, "Huyo ni wenu." Ndama yule ndiye aliyezaa waliouzwa ili yeye asome. "Mimi," akasema, akijipiga kifua, "nimesomeshwa na ng'ombe ambaye hakuwa wetu." Wanawake wakapiga vigelegele. Mchungaji akasema amina.

Sijui nilipoweka sahani.

Alisikia. Siku ile kwetu alisikia kila neno la Kogo, na alijua uzito wake kuliko mimi, kuliko Mama, kuliko mtu yeyote pale. Akaniacha nimtafsirie. Akaniacha nijieleze mpaka mwisho, mtoto mdogo nimefungua sweta, halafu akasema hayo ni mambo ya ng'ombe.

Watu walipanga foleni kumsalimia. Nilisimama nyuma ya walimu wenzangu, na zamu yangu ilipofika nikamwambia mimi ni Nyambura, mtoto wa yule mama wa mitumba wa Litein aliyekaa na Sheba. Alinishika mkono kwa furaha ya kweli. Alimkumbuka Sheba. Alimkumbuka Mama, akauliza kama yuko. Nikamwuliza kuhusu yule mtoto mdogo, wa sikio lililolala.

"Yule kilema?" akasema, akicheka. "Huyo hakuna aliyemtaka. Nilimpa askari wa getini bure. Sijui alipotelea wapi." Kisha akaona uso wangu, nadhani, akaongeza haraka, "Lakini mama yako nilimlipa vizuri."

Bure. Alimtoa bure, tena kwa mlinzi wa getini, pengine yule yule aliyekula nyama aliyoachiwa Sheba. Kumbe hakuwahi kuwa bahili na sisi. Chemajani hakuwa na bei kwake siku ile wala siku nyingine. Kitu alichotunyima ni kile kidole tu. Angenyoosha kidole akasema huyu ni wako, angekuwa mtu wetu, na sisi watu wake, yeye kwenye nyumba yake ya kampuni na sisi na mitumba yetu. Na mwaka wa kura ungefika angekuwa na kitu cha kusema kuhusu sisi. Hakutaka kuwa na kitu cha kusema. Ndiyo maana alikuja na bahasha tayari mfukoni. Na Mama, masikini, ambaye nilimnunia utoto wangu wote, alijua maana ya bahasha ile alipoishika. Aliishika hata hivyo, kwa sababu alikuwa na mtoto wa kusomesha na hakuwa na mtu wa Kapsoit.

Foleni ilikuwa inanisukuma. Sikuuachia mkono wake. Nilimjibu kwa Kipsigis, polepole, neno kwa neno, kwa sauti ambayo wa nyuma yangu waliisikia.

"Ulimlipa, ndiyo. Na yule mtu wa Kapsoit, alimlipa baba yako ngapi?"